TAHADHARI: Matairi Yaliyochongwa Upya Yanauzwa Industrial Area Kama Mapya

Ndugu zangu wenye Subaru, yeyote anayepanga kununua matairi ya saizi ya 245/40R18, au saizi zinazokaribiana nayo, katika duka lile la Industrial Area, Nairobi, lililo upande wa Enterprise Road lenye rimu zinazong'aa mlangoni na mzungumzaji hodari ndani, asitoe hata shilingi kabla ya kusoma maandishi haya. Jina la duka siliandiki kwa sababu shauri liko njiani na nimeshauriwa nisilitaje, lakini wengi wenu mnalijua, na baadhi yenu mmewahi kunywa soda ya mwenyewe. Mtu huyo aliniuzia matairi manne kwa shilingi 112,000, yote kama mapya, na mawili kati ya hayo yalikuwa vipara vya zamani vilivyochongwa mifereji upya na kupakwa rangi ya kung'arisha.

Najua wapo watakaocheka, kwa kuwa ni mimi huyu huyu ninayewasumbua wenzangu kila mara kuhusu matairi. Chekeni, kisha msome. Mtu aliyenidanganya hakuwa mchuuzi wa kubahatisha, na ndiyo sababu hasira yangu haijapoa mpaka sasa.

Gari mnalijua. Ni Subaru Impreza WRX STI ya umbo linaloitwa GRB, injini ya lita mbili yenye turbo, na kiwandani ilipewa nguvu za farasi 308 zinazogawanywa kwa magurudumu yote manne. Gari la turbo halipotezi nguvu nyingi kwa mwinuko wa jiji letu kama yanavyopoteza magari yasiyo na turbo, kwa hiyo nguvu hizo zote bado zipo na zinapita katika vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja. Anayedhani kwamba matairi ya gari la namna hii yanahusu mbio tu amekosea. Yanahusu zaidi kusimama, na kubaki katika njia yako pale mvua inapokukuta kwenye kona.

Mwenye duka alilijua jambo hilo vizuri kuliko wauzaji wote niliowahi kukutana nao. Nilipoingia hakuniuliza bajeti yangu, bali aliniuliza kama turbo ni ile ya kiwandani, kama breki za mbele ni za Brembo, na kama ninaendesha zaidi mjini au barabara kuu. Nilipomwonyesha matairi ya bei nafuu yaliyokuwa kwenye rafu ya chini, alikataa kuniuzia. Alisema, "Mkubwa, hayo ni ya Probox. Wewe ukiyafunga kwa gari hili nitaitwa muuaji." Akanieleza kwamba herufi V ubavuni inamaanisha tairi limepimwa kuhimili kilomita 240 kwa saa, W ni 270 na Y ni 300, na kwamba hata mtu asiyevuka kikomo cha kilomita 80 kwa saa cha barabara ya Expressway anahitaji herufi ya juu, kwa sababu tairi hilo limeundwa kustahimili joto zaidi. Akanieleza kwamba 93 inayoandikwa baada ya saizi yangu ubavuni ni kiwango cha mzigo wa kilo 650 kwa kila tairi. Yote hayo ni kweli. Muuzaji anayekataa pesa zako ili kukulinda utamshuku kwa lipi? Isitoshe, nilielekezwa kwake na mmoja wetu ambaye simlaumu, kwa kuwa yeye aliuziwa matairi mazuri na bado anayatumia.

Kisha akapanda juu na kushuka na tairi moja lililofungwa kwa nailoni, lenye kibandiko cha rangi na vile vinywele vya mpira ambavyo tairi jipya hutoka navyo kwenye kalibu. Akalizungusha mbele yangu mpaka akafika kwenye herufi DOT, akaweka kidole juu ya tarakimu nne za mwisho na kunifundisha kuzisoma: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Lilikuwa tairi la chini ya mwaka mmoja. Akaingiza kipimo cha kina kwenye mfereji wa kati, nacho kikasoma milimita nane. Akanipa mimi mwenyewe nipime tena. Nikapima, nikaridhika, nikamwambia alete mengine matatu yaliyo sawa na hilo.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kasi. Akasema stoo ya juu inafungwa saa kumi na aliye na ufunguo anataka kuondoka, kwa hiyo ni vyema malipo yafanyike sasa. Nambari ya Lipa na M-Pesa iliyokuwa ukutani, akasema, ilikuwa na hitilafu tangu asubuhi, hivyo nitume kwa simu yake. Nikatuma. Mafundi wawili walikuwa tayari wameliinua gari kwa jeki na kutoa magurudumu yote manne, kisha wakayaviringisha hadi nyuma ya ukuta kwenye mashine. Nilipotaka kuwafuata, alinishika bega kwa upole na kuniambia kompresa ya huko ina kelele na vumbi, nikae nipate chai. Chai ikaja na mandazi mawili moto. Tukazungumza kuhusu Safari Rally na namna Subaru zilivyotamba katika miaka ya tisini, naye alikumbuka ushindi wa Colin McRae wa mwaka 1997 kama aliyekuwa ameshika bendera kando ya njia. Wakati huo, nyuma ya ukuta, nilikuwa nikivishwa vipara.

Magurudumu yaliporudi yalikuwa yanang'aa yote. Niliyazunguka yote manne na kuingiza kipimo kile kile, ambacho alikuwa amekiacha mezani makusudi kabisa, nacho kikasoma milimita nane mbele na karibu nane nyuma. Chapa ilikuwa ileile, jina lilelile, michoro ileile ya kashata, yaani ule uso wa tairi unaogusa lami. Niliona kwamba matairi ya nyuma hayakuwa na vinywele, nikamuuliza, akacheka na kusema vinywele hung'oka yanapopangwa stoo. Fundi kijana aliyekuwa akikaza nati hakuinua uso wake kunitazama hata mara moja. Nikapewa stakabadhi iliyoandikwa "tairi 4, mteja ameridhika", na kijana yule akanifungulia geti.

Dalili ya kwanza ilikuwa maegeshoni. Nilipokata kona kali kwa mwendo wa kutembea, gari lilikuwa zito na likirukaruka kana kwamba kuna kitu kinaling'ang'ania chini. Kisha mvua ikaanza, na kwenye Southern Bypass, kwenye mteremko mnaoujua baada ya Lang'ata, nyuma ya gari ilihama kabisa njia yake nikiwa sijakanyaga mafuta. Lori lililokuwa upande wa pili lilikuwa mbali. Sitasema zaidi kuhusu hilo, kwa kuwa mke wangu anasoma hapa.

Fundi wetu wa Ngara aliliinua gari na kumulika ndani ya mifereji ya matairi ya nyuma, akaniita bila kusema neno. Ndani ya mfereji, mahali ambapo panapaswa kuwa na mpira mzito, nyuzi za chuma zilikuwa zimeanza kuonekana. Vile vituta vidogo vinavyokaa ndani ya mfereji kwa kimo cha milimita 1.6, ambavyo humwonyesha mwenye gari kwamba tairi limekwisha, havikuwapo hata kimoja, kwa sababu aliyechonga alivikata pamoja na mpira. Akayatoa matairi kwenye rimu na kuyageuza: tarakimu zilikuwa upande wa ndani, nazo zilisoma 1415, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2015. Mpira wa umri huo huwa umekwisha kukauka, na ndiyo sababu haukushika lami yenye maji.

Sasa nifafanue kwa nini wizi huu ni mbaya zaidi kwa magari kama yetu, maana baadhi ya wauzaji watawaambia kwamba tairi kuchongwa upya ni jambo la kawaida. Ni la kawaida kwa malori. Baadhi ya matairi ya lori hutoka kiwandani yakiwa yameandikwa REGROOVABLE ubavuni, na chini ya mfereji huwekwa mpira wa ziada kwa ajili hiyo. Tairi la gari dogo halina akiba hiyo. Anayelichonga anakata kilichobaki kati ya barabara na waya. Zaidi ya hapo, kisu cha moto kinachotumika kuchonga kinaweza kurudisha kina cha mfereji, lakini hakiwezi kurudisha kimo cha tairi. Kipimo changu kilisoma milimita nane kila upande, lakini tulipozungusha utepe wa fundi cherehani juu ya kashata, matairi ya mbele yalikuwa na mzunguko wa milimita 2,050 na ya nyuma 2,024. Subaru yenyewe huelekeza kwamba tofauti ya mzunguko kati ya matairi manne isizidi robo ya inchi, yaani milimita 6.4. Mimi nilikuwa na milimita 26. Kwa kila kilomita niliyokwenda, magurudumu ya nyuma yalizunguka takriban mara sita zaidi ya yale ya mbele, na tofauti hiyo yote ilibebwa na difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Hicho ndicho kilichokuwa kinang'ang'ania maegeshoni. Bei ya kuitengeneza difu hiyo mnaijua.

Nilirudi dukani na matairi hayo mawili mgongoni mwa pikapu. Mtu aliyenipa mandazi hakunikaribisha hata kiti. Alisema matairi yalitoka kwake yakiwa salama na kwamba huenda nilibadilishiwa huko nilikokwenda, kisha akanionyesha stakabadhi na maneno "mteja ameridhika", akanionyesha na bango la "mali ikiuzwa hairudishwi". Nilipomtajia tarakimu za 1415, mtu yule yule aliyenifundisha kuzisoma aliniambia kwamba tarakimu hizo hazina maana.

Bango lake halifuti sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa taarifa zinazohitajika, na kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinamfunga hadi miaka mitatu anayejipatia mali ya mtu kwa hila. Mimi nataka miaka hiyo mitatu yote. Nataka kaunti imnyang'anye leseni ya biashara, nataka mashine yake ya kufungia matairi ichukuliwe, na nataka yule anayechonga huko nyuma ya ukuta atajwe mahakamani pamoja na tajiri wake, kwa maana mkono ulioshika chuma cha moto ulijua kwamba kuna familia itakayopanda gari hilo. Kama ingekuwa juu yangu, ningemfungia matairi yake mwenyewe na kumwambia ateremke kutoka Limuru hadi Mai Mahiu usiku wa mvua, halafu aniambie tena kwamba mteja ameridhika.

Kwa wanaokwenda kununua wiki hii, nasema kwa haraka kwa kuwa fundi ananisubiri: simameni pale mashine ilipo, na mkikatazwa ondokeni. Someni tarakimu za kila tairi kabla halijavishwa rimu, kwa sababu mara nyingi huandikwa kamili upande mmoja tu. Tafuteni vile vituta ndani ya mfereji. Zungusheni utepe kwenye matairi yote manne ikiwa gari linavutwa na magurudumu yote. Malipo yakielekezwa kwenye simu ya mtu, na stakabadhi ikikosa saizi na tarakimu za kila tairi, msikubali. Pia jihadharini na harufu ya mpira uliochomwa na kisu hicho. Niliisikia siku ile nikadhani ni ya viwanda vya jirani.

Matairi yote mawili ninayo, yamefungwa kwa nailoni na hayatauzwa wala kutupwa mpaka yafike mbele ya hakimu. Aliyenunua katika duka hilo na ana stakabadhi yenye maneno "mteja ameridhika" aniandikie faraghani na kunitumia picha ya stakabadhi hiyo pamoja na ya tarakimu za matairi yake. Wawili wameshajitokeza, na mmoja wao bado anayaendesha matairi yenyewe. Nimemwomba aliegeshe gari leo hii hii.