Fundi wa chini ya mkilifi (mwarobaini), Maweni hapa Malindi: gari ililala miaka minne, sasa inatembea (nyota nne)

Nishaulizwa na watu kama wanne hivi "gari imefufuliwa na nani" kwa hivyo leo nimekaa niandike mara moja yaishe. Nampa nyota nne. Ya tano nimemnyima na sababu ntaisema.

Gari ni Corolla 110 ya gia za mkono, niliinunua kabla sijaenda Qatar. Siku ya kuondoka nikaiingiza kwa banda la makuti nyuma ya nyumba kwa mama hapa Malindi, nikavuta hendbreki mpaka mwisho, tangi nusu, ufunguo nikamwachia mama nikamwambia awe anaiwasha kila wiki. Mama hajui kuendesha. Aliiwasha mara mbili akaona inanguruma akaogopa akaacha, na wala simlaumu. Narudi baada ya miaka minne na miezi mitatu naikuta imekalia rimu, boneti imekuwa pahala pa kuanikia mbaazi, kuku anatagia uvunguni. Na hapa kwetu si Nairobi, kusi ikivuma chumvi inaingia mpaka kabatini, sembuse chuma kilicholala nje.

Fundi wa kwanza kumuita si huyu. Alikuja kijana mmoja na waya za kujampia na betri ya kuazima, akafungua boneti, hata kijiti cha oili hajakichomoa, ananambia "bro kaa ndani piga stata". Nikapiga. Krrr moja, halafu kimya. Akasema piga tena, piga tena, mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kwani nyinyi hamuoni moshi, waya zishaanza kuyeyuka. Akataka 1,500 za kuja tu. Nikampa 500 akaenda zake na betri yake.

Huyu wa mkilifini nilielekezwa na dereva wa tukutuku. Ni mzee wa makamo, alikuja na boda, vifaa kavitia ndani ya gunia la mchele. Akamwamkia mama kwanza, akaletewa chai, akanywa mpaka ikaisha, ndo akauliza gari iko wapi. Akaizunguka, akainama akaangalia chini, halafu akanyoosha mkono nimpe ufunguo akautia mfukoni mwake. "Leo haiwashwi hii mwanangu. Wala kesho." Nikasema moyoni ama nimepata fundi kweli ama nimepata mtu wa kunikalia siku kumi na pesa zangu. Kumbe vyote viwili.

Alivyonieleza ni hivi, gari ikilala muda mrefu oili yote inashuka chini, kuta za silinda zinabaki kavu, ringi za pistoni zinaweza kushika kutu zikagandana na silinda. Ukilazimisha na stata unakwaruza silinda au unakata ringi, na hapo ishakuwa habari ya kufungua injini. Kwa hivyo siku ya kwanza alitoa plagi zote nne, akatia oili kidogo kila tundu, kama kijiko, akafunika kwa kitambaa akaenda zake. Kesho yake akamwaga oili ya zamani, nyeusi na nzito kama asali, akaweka mpya na filta mpya, ndo akaingia chini na boksi spana akaanza kuizungusha injini kwa mkono. Nilimtazama pale, amefumba macho kabisa, anaisukuma kidogo anasimama, kidogo anasimama, kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya ukuta. Ilipozunguka raundi mbili nzima bila kukwama akasema alhamdulillahi, ndo mara ya kwanza nilimuona anatabasamu. Halafu akang'oa fyuzi ya EFI ili petroli isipigwe, akapiga stata na plagi ziko nje, mpaka taa ya oili ikazimika kwa dashbodi. Plagi akazirudisha baadaye.

Alipofungua boksi la filta ya hewa tukakuta panya kajenga nyumba mle, makumbi ya nazi na vipande vya kitambaa vyekundu. Mama akakiokota kimoja akakikunjua, ni leso yake. Miaka miwili alikuwa anamshuku jirani.

Kwa petroli nilijaribu kuwa mjanja nikamwambia si tuongeze mpya juu ya ile ya zamani ichanganyike. Akanitazama tu. Akaniteremshia tangi, akamimina kidogo kwa chupa ya maji akanipa ninuse. Imekuwa rangi ya chai ya rangi na inanuka kama vanishi, haina hata ile harufu kali ya petroli. Chini ya tangi kuna utelezi kama gundi na chembe za kutu. Hiyo ndo ingeingia kwenye injekta, vile vinavyorushia petroli ndani ya injini. Pampu ilikuwa imeshakufa, filta pia akabadilisha, injekta akazitoa akaziosha. Hapo pekee siku mbili.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa breki za nyuma. Ile hendbreki niliyoivuta kwa bidii siku ya kuondoka iliganda, breki shuu zikashikana kwa kutu na ngoma, kile chuma cha duara kinachozifunika, na magurudumu ya nyuma hayaendi mbele hayarudi. Nilidhani atachukua nyundo. Kumbe ngoma za Toyota zina matundu mawili madogo yenye uzi, akatia boliti mbili za kichwa namba 12, akawa anakaza huku nusu raundi na huku nusu raundi, na kugonga kidogo pembeni, mpaka ngoma ikajisukuma yenyewe ikatoka paa! Akabadilisha raba za silinda za breki na maji ya breki yote, maana yanavuta unyevu wa hewani yakaozesha vyuma kwa ndani, halafu mimi nikakalishwa kukanyaga pedali yeye akitoa upepo, kanyaga, shika, achia, nusu saa nzima mguu unatetemeka. Akaniambia ukilaza gari usivute hendbreki, tia gia na uweke mawe kwa matairi basi.

Matairi niliyatetea kwa sababu meno yote yako. Akanionyesha namba nne ubavuni, 3817, yaani wiki ya 38 ya 2017, akakunja ule mpira kwa kidole gumba ukajaa nyufa kama mguu wa mtu anayelima. Nikanyamaza. Betri nayo mita ilisoma volti 4, ya kutupa. Taiming belti akasema hata kama kilomita hazijatimia mpira huzeeka, akabadilisha.

Siku ilipowaka iliwaka mara ya pili tu, ikatoa moshi wa buluu kama dakika tano (ni ile oili ya kwenye silinda) halafu ikatulia. Tukaenda mpaka Gede na kurudi, njiani anashuka kila mara anagusa rimu kusikia kama kuna inayochemka.

Sasa malalamiko. Aliniambia siku nne, zilifika kumi na moja. Simu yake ukipiga ni "niko njiani naja" na nyuma unasikia watu wanacheza bao. Ijumaa usimtafute kabisa. Alama za grisi ameziacha kwa kitambaa cha juu ndani ya gari, hazitoki. AC hakuigusa, anasema si kazi yake, sawa, lakini angesema mapema. Na kepu moja ya gurudumu imepotea na kila nikimuuliza anasema iko kwa gunia.

Kazi alichukua 12,000, spea na matairi zilinila kama 47,000 na kila kitu alinituma dukani nikanunua mwenyewe na risiti ninazo, isipokuwa raba za breki zilizoletwa na matatu kutoka Mombasa. Nishaenda nayo Mombasa mara mbili tangu hapo, haijanizimikia. Hana kibao, muulize dereva yeyote wa tukutuku Maweni fundi wa mkilifini, na ufike kabla ya saa tatu asubuhi, bao huanza saa tatu. Ukiona kepu ya Corolla ndani ya lile gunia ni yangu.