Manjanja ya serikali: nilichopokea Majengo baada ya volkano

Nyota tatu kwa tano. Manjanja yenyewe, yaani mabati ya kuezekea, nayapa tano, utaratibu wa kuyatoa naupa moja. Kila upepo ukiezua nyumba ya mtu hapa Goma, majirani huniuliza kama kuna faida ya kuandikwa kwenye orodha ya msaada. Faida ipo, lakini ujue unachoandikishwa.

Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na lava ikashuka mpaka Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Kwangu, mtaa wa Majengo, haikufika. Kilichoniharibia nyumba ni matetemeko yaliyofuata: msingi wa mawe ulipasuka kwenye kona, mbao za ukuta zikaachana, paa likalala upande wa jikoni. Tarehe 27 tukaamriwa kuhama, wengi tukashika njia ya Sake. Tuliporudi, hata mlango ulikuwa haufungiki.

Orodha ilipoanza kuandikwa, kila mtu alikuwa anawafikiria walioungua, na ni haki yao, maana walibaki na mawe meusi tu. Sisi ambao nyumba zimesimama lakini zimevunjika ndani tulionekana wasumbufu. Mkaguzi alikuja, akasimama barabarani, akapiga picha ukuta wa mbele, ambao kwa bahati mbaya ndio uliokuwa mzima. “Mama, hii si mnakaa humo?” Nikamwambia, “Papa, zunguka nyuma kwanza.” Hakutaka. Shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara yetu, ndiye aliyemshika mkono akampeleka mpaka jikoni. Bila mzee yule nisingepata jetoni ya kupokelea msaada.

Wapangaji wao hawakupata kitu. Uliulizwa karatasi za parseli, yaani za kiwanja, na asiyenazo aliambiwa amlete mwenye nyumba. Jirani yangu mmoja ananyeshewa humo ndani yeye na watoto, mwenye nyumba wake anaishi mtaa mwingine, na manjanja yalichukuliwa na huyo mwenye nyumba. Yaliezeka nyumba ipi, mimi sijui, ila ile ya jirani bado ina turubai.

Sasa niyasifu manjanja. Tulipewa BG 28, namba inayoonyesha unene wa janja. Wasiojua hudhani namba kubwa ndiyo bora, kumbe namba ikipanda janja linakuwa jembamba. Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Moshi wa volkano ukichanganyika na mvua, maji yanakuwa na asidi, na asidi inakula paa polepole. BG 32 za bei rahisi nimeziona zikitoboka matundu madogo madogo kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi. Na ni paa hilohilo tunalokingia maji ya kufulia, bomba likikauka. Aliyechagua BG 28 alikuwa anaijua Goma, au aliuliza wanaoijua.

Tatizo ni kwamba mbao hazikuja, wala pesa ya fundi. Utapigilia wapi manjanja mapya kama mbao za paa zimeoza na ukuta umeinama? Siku ya kugawa niliona manjanja yakipanda chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, moja kwa moja kuelekea mtaa wa biashara wa Birere kuuzwa. Watu waliwasema sana waliouza. Mimi siwasemi, mwenye njaa na asiye na mbao atayaweka manjanja chini ya kitanda mpaka lini? Mimi likelemba ya akina mama wa sokoni, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ilinifikia zamu mapema, ndiyo iliyonunua miti ya mkaratusi na kumlipa fundi. Msingi uliopasuka hakuna aliyeuangalia. Tuliujaza mawe na simenti sisi wenyewe, na fundi alisema wazi kwamba angeanza na msingi kama angeulizwa mapema. Hakuna fundi hata mmoja aliyetangulia na kipimo, alitangulia mpiga picha.

Paa limekaa vizuri. Januari 2025, vita ilipoingia mjini, risasi zilizopotea zililitoboa sehemu kadhaa. Nimeziba kwa lami, na kutu haijaanza hata pembeni ya matundu.

Wakija kuandika kwenye kartye yenu, yaani mtaa wenu, toa kopi za karatasi za parseli mapema na upige picha zako mwenyewe, hasa za nyuma na za msingi. Mpangaji, mlete mwenye nyumba na shefu wa avenyu wakae meza moja, muandikiane manjanja yataezeka nyumba ipi. Na usitie dole gumba kabla ya kuhesabu. Karatasi niliyopewa ilisema nimepokea manjanja na misumari yote, wakati pakiti ya misumari ilikuwa nusu. Kijana wa kugawa alisema nitie tu, itakuja. Nikaandika pembeni ya jina langu: misumari haijatimia. Haijaja mpaka leo.