Paipu za mraba za dukani: iamini mizani kuliko geji

Omba "paipu ya inchi moja geji 16" dukani, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kamukunji Nairobi, na utaelewana na muuzaji papo hapo. Shida ni kwamba jina hilo halikuhakikishii unene. Tathmini hii ni ya paipu za chuma zinazouzwa kwa urefu mzima, kwa ajili ya mtu anayeunda rafu, meza ya kazi, kitanda, stendi ya tangi dogo au fremu ya banda. Tumezitazama kwa mambo matatu: zinabeba nini, zinachomeleka vipi, na zinakaa muda gani kabla kutu haijazila.

Tuanze na geji, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea. Namba ikipanda, chuma kinakuwa chembamba. Kwa kipimo cha Kiingereza, geji 14 ni mm 2.03, geji 16 ni mm 1.63, geji 18 ni mm 1.22 na geji 20 ni mm 0.91. Sokoni namba hizi hushushwa kidogo: geji 16 huuzwa kama mm 1.5, geji 14 kama mm 2, geji 18 kama mm 1.2. Hilo limezoeleka na halina ubaya ukilijua. Ubaya unaanza pale mm 1.3 au 1.2 inapoitwa geji 16. Kwa jicho huwezi kuitofautisha, hasa kona zikiwa zimeviringwa vizuri na mafuta yanang'aa.

Mizani haidanganyiki. Chukua upana wa nje kwa milimita, toa unene, zidisha kwa 4, zidisha tena kwa unene, kisha kwa 0.00785. Utapata kilo kwa mita. Paipu ya 25 × 25 yenye unene wa mm 1.5 inatoa kilo 1.1 kwa mita, yaani kilo 6.6 kwa mita 6. Ikiwa ni mm 1.2 itakuwa kilo 5.4, na ikiwa ni mm 1 itakuwa kilo 4.5. Ya 40 × 40 kwa mm 1.5 ni kilo 10.9, na kwa mm 2 ni kilo 14.3. Ya 50 × 25 kwa mm 1.5 ni kilo 10.2. Kona za mviringo hupunguza kidogo, kwa hiyo upungufu wa gramu 200 au 300 kwa paipu ndogo ni wa kawaida. Upungufu wa kilo nzima si wa kawaida. Ukinunua paipu kumi, zipime zote kwa pamoja ugawe kwa kumi.

Kama dukani hakuna mizani, tumia kalipa (kifaa cha kubana na kupima unene), lakini uitumie vizuri. Paipu ikikatwa kiwandani hubaki na ukingo mkali uliojikunja kwa ndani. Ukibana kalipa juu ya ukingo huo, paipu ya mm 1.3 inaweza kusomeka 1.6. Piga tupa mara tano au sita mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha pima katikati ya ubavu, si kwenye kona. Chungulia na ndani: upande mmoja utaona mshono ulionyanyuka kama uzi. Usipime hapo. Mshono wenyewe uwe umenyooka na haujakatika. Ukiuona umepinda kama nyoka au una matundu, rudisha paipu hiyo na uombe nyingine.

Sasa swali ambalo wengi hulijibu kinyume: ukiwa na pesa ya kiasi fulani, uongeze unene au uongeze upana? Kwa kazi ya kubeba uzito bila kupinda, ongeza upana. Paipu ya 25 × 25 yenye unene wa mm 2 na ile ya 40 × 40 yenye unene wa mm 1.2 zina uzito unaokaribiana sana, kama kilo 8.7 kwa mita 6, na paipu za namna hii bei yake hufuata uzito. Lakini ile ya 40 inapinga kupinda karibu mara tatu zaidi. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni umbali wake kutoka katikati.

Hivyohivyo kwa paipu ya mstatili. Ya 50 × 25 ikisimamishwa kwa ubavu wake mrefu ni ngumu mara tatu kuliko ikilazwa. Chukua mfano wa rafu ya mita 1.2, paipu moja iliyoegemezwa ncha zote mbili, kilo 60 zikiwekwa katikati. Ya 25 × 25 kwa mm 1.5 itashuka kama mm 8, na jicho litaiona. Ya 50 × 25 ikilazwa itashuka mm 4.5. Ikisimamishwa, mm 1.5 tu. Fundi anayelaza paipu hiyo "ili mbao ikae vizuri" ameharibu theluthi mbili za ugumu uliolipiwa. Isimamishe, kisha mbao uishike kwa vipande vidogo vya chuma bapa vilivyochomelewa pembeni.

Upana nao una mpaka wake. Paipu pana yenye ukuta wa chini ya mm 1 hubonyea kwa kugongwa na kiatu, na bolti ikikazwa inaivunja mbavu. Kwa kazi za nyumbani tunashauri usishuke chini ya mm 1.2 kwa kitu chochote kitakachochomelewa, na uanzie mm 1.5 kwa miguu ya meza, vitanda na chochote kitakachopandwa na mtu. Stendi ya tangi ni habari nyingine: lita 500 za maji ni kilo 500 kabla hujahesabu tangi lenyewe. Hapo anzia 50 × 50 kwa mm 2 au zaidi, funga mbavu kwa vipande vya mshazari, na kama stendi ni ndefu kuliko mtu, mpe kazi hiyo fundi anayejua kupiga hesabu yake.

Unene ndio unaoamua kuchomelea. Kwa kijiti cha kuchomelea aina ya 6013, ukuta wa mm 1.2 unataka kijiti cha mm 2 na ampea 40 hadi 50. Ukuta wa mm 1.5 unakubali kijiti cha mm 2.5 kwa ampea 60 hadi 70. Vijiti vya mm 2.5 ndivyo vilivyojaa madukani, kwa hiyo mafundi wengi huvitumia hata kwenye geji 18, na hapo ndipo paipu inapotoboka. Mashine ikiwa ya umeme wa DC, weka kijiti kwenye hasi ili joto lipungue kwenye kazi. Sababu ya pili ya kutoboka ni mwanya: kama mkato haukukaa sawa, kijiti kinachoma ncha mbili nyembamba badala ya kuziunganisha. Mwanya usizidi nusu ya unene wa ukuta. Kaa na tupa dakika tano kwenye mkato. Utaokoa nusu saa ya kuziba matundu.

Fremu shika kwanza kwa nukta kwenye kila kona, kisha pima kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari vikitofautiana kwa zaidi ya mm 2 kwenye fremu ya mita moja, gonga urekebishe sasa. Baada ya hapo choma vipande vya sentimita moja au mbili ukihama kona hadi kona ya mkabala. Ukimaliza kona moja yote kabla ya nyingine, chuma kikipoa kitavuta na meza itayumba mguu mmoja.

Kwa anayeunganisha kwa bolti: usikate nyuzi kwenye ukuta wa paipu. Bolti ya M6 (kipenyo cha mm 6) ina hatua ya mm 1, yaani umbali kati ya uzi na uzi, hivyo ukuta wa mm 1.2 unashika uzi mmoja tu, nao utang'oka. Chomelea nati kwa ndani au nje, au tumia nati za riveti. Bolti ikipita paipu nzima, ingiza kipande cha bomba dogo ndani ili mbavu zisibonyee. Na ukitaka paipu iingie ndani ya nyingine, kwa stendi ya kupandisha na kushusha, kumbuka ule mshono wa ndani: hula nafasi. Ya 25 ndani ya 30 yenye ukuta wa mm 1.5 ina nafasi ya mm 1 kila upande, inatosha ukiupiga tupa mshono. Jaribu dukani kabla ya kulipa, maana "inchi moja na nusu" mara ni mm 38, mara ni mm 40.

Paipu nyeupe za mraba, zile zilizopakwa zinki tangu zikiwa bati, ni nzuri kwa fremu za bolti na riveti za nje. Zinki yake ni nyembamba sana, mara nyingi ni mikroni chache kila upande, kwa hiyo usiichukulie kama ile iliyozamishwa kwenye zinki ya moto. Ukiichomelea, zinki inaungua na pale panapohitaji ulinzi zaidi panabaki wazi. Afya nayo: zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907 za Selsiasi, kabla chuma hakijayeyuka, na moshi wake mweupe huleta homa, baridi na kutetemeka saa kadhaa baadaye. Saga zinki sentimita 3 hadi 5 kila upande wa kiungo, fanyia kazi nje, upepo upite ubavuni. Kunywa maziwa, kama wengi wanavyoamini, hakuzuii moshi huo kuingia mapafuni. Kama fremu itachomelewa kila kona, nunua paipu nyeusi, isiyo na zinki, na uipake rangi vizuri. Utapata kazi bora.

Rangi nayo ina utaratibu. Paipu nyeusi hufika na mafuta ya kuzuia kutu, na rangi juu ya mafuta hubanduka kama ganda. Futa kwa thina mara mbili ukibadilisha kitambaa, piga msasa namba 80, ondoa ganda lote la kijiti kwenye viungo, kisha redi oksaidi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mikono miwili. Adui mkubwa zaidi yuko ndani. Ncha zote zizibwe kwa kuchomelea kipande cha bati, si kwa vifuniko vya plastiki kwenye miguu inayogusa sakafu ya kuoshwa, maana vifuniko hivyo hushika maji. Kwa kitu cha nje chenye matundu ya skrubu, maji yataingia tu. Toboa tundu la mm 6 hadi 8 chini kabisa yatokee. Na kama utapeleka fremu kuzamishwa kwenye zinki ya moto, kila paipu lazima iwe na tundu, kwa sababu paipu iliyozibwa inaweza kulipuka ndani ya bwawa hilo.

Bomba za maji za GI, yaani za chuma kilichopakwa zinki, zinahesabiwa tofauti, na watu hukosea kila siku. Nusu inchi ni jina la tundu tu. Nje ni mm 21.3. Robo tatu ni mm 26.9, inchi moja ni mm 33.7, inchi na nusu ni mm 48.3. Uzuri wake ni viungo vya nyuzi: unaweza kuunda rafu au reli ya nguo bila kuchomelea hata nukta moja. Udhaifu wake uko hapohapo kwenye nyuzi. Bomba la nusu inchi la daraja la kati lina ukuta wa mm 2.6, na nyuzi hula zaidi ya mm 1.1. Kwa hiyo chuma cha kuning'inia mazoezini kisiwe na nyuzi mahali panapobeba mwili. Chukua bomba zima la inchi moja, ulilaze juu ya vishikio.

Pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Zanzibar, chuma kisichoshika kutu kinavutia, ila uliza daraja. Namba 201 ina nikeli kidogo na hutoa madoa ya rangi ya chai mapema. 304 ndiyo ya kununua, na 316 kwa kitu kinachorushiwa maji ya chumvi. Sumaku haitakusaidia kutofautisha 201 na 304, zote mbili haziishiki au huishika kidogo. Na usizisage kwa diski iliyotumika kwenye chuma cha kawaida: chembe zitakazobaki zitashika kutu zenyewe.

Alumini ina theluthi ya uzito wa chuma na theluthi ya ugumu. Inafaa antena, fremu za kamera na vitoroli vyepesi, kwa riveti. Haifai rafu ndefu.

Mwisho, urefu. Paipu ya "mita 6" mara nyingi ni mita 5.8. Ukipanga vipande vya mita 1.5 ukitarajia vinne, utapata vitatu na kibakio cha mita 1.3. Panga mita 1.44 na utapata vinne kamili, hata baada ya diski kula milimita zake. Pima ile ya dukani kwa futi kwanza, kisha chora meza.