Mawaridi mafupi ya pinki kando ya ziwa: uzoefu wangu wa miezi 14

Sikutaka kuandika mapema. Waridi linaweza kukuchanulia vizuri mwezi wa kwanza kwa nguvu lilizokuja nazo kutoka kitaluni, ndipo baadaye lianze kuonyesha tabia yake. Miche yangu 12 niliipanda Februari mwaka jana hapa Luchelele, Mwanza. Imepita masika nzima, kiangazi, vuli, na sasa imo katikati ya masika ya pili. Nadhani nimeshaijua.

Niseme kwanza kwa nini nilitaka haya mafupi yenye harufu na si mengine. Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani, na tangu macho yake yalipopungua nguvu tunaishi naye. Amekulia kwenye nyumba ambako vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyovaa wanawake wa pwani, vilifungwa kwa rehani na asumini, na waridi likipatikana. Asumini tulishampandia. Waridi ndilo alilokuwa akiliulizia. Mara mbili nilimletea maua ya kununua mjini, yale ya mashina marefu yaliyofungwa kwenye nailoni. Akayanusa, akayarudisha mezani. "Haya ni ya kutazama," alisema, "na mimi sitazami tena." Mawaridi ya biashara huchaguliwa kwa sababu yanakaa siku nyingi kwenye maji na yanahimili safari, katika kutafuta sifa hizo, harufu mara nyingi imeachwa nyuma. Kwa hiyo nilihitaji waridi la bustani, tena fupi, ili mtu aliyeketi kwenye kigoda barazani alifikie ua bila kuinuka.

Kitalu nilichonunulia kiko mkoani Arusha. Muuzaji aliniambia mambo manne: mmea hauzidi sentimita 60, unachanua mwaka mzima, una harufu kali, na hauhitaji dawa. Mche mmoja ulikuwa shilingi 9,000, na basi likachukua 15,000 kuleta maboksi mawili hadi stendi ya Nyegezi. Jumla 123,000. Si pesa ndogo kwa maua, najua.

Ufungaji ulikuwa wa wastani. Miche iliyokuwa katikati ya boksi ilifika mizizi ikiwa na unyevu, ya pembeni ilikuwa imekauka ncha. Mmoja ulikuwa umevunjika pale pale ulipobebeshwa, yaani pale waridi lilipounganishwa na mche mwingine wa chini wenye mizizi, ukafa ndani ya wiki. Muuzaji alikubali kurudisha pesa ya huo. Mwingine ulinichanganya kwa muda mrefu: ulikua haraka kuliko yote, ukarefuka kama fito, miiba mingi, majani madogo ya kijani kilichopauka, na maua hakuna. Kumbe sehemu ya juu ilishakufa na kilichokuwa kinakua ni ule mche wa chini, waridi mwitu waliolibebeshea. Ukiona chipukizi linatoka chini ya kovu la kubebesha, usilikate kwa mkasi. Fukua kidogo, lishike, ling'oe kutoka pale linapoanzia, maana ukilikata tu linarudi na wenzake. Miche niliyobaki nayo ni 10, na hiyo 10 ndiyo ninayoizungumzia.

Udongo wetu huku ni mchanga unaotokana na mawe haya makubwa ambayo Mwanza inajulikana kwayo. Mzee wa jirani alisimama akanitazama nikichimba, akasema kwa kuchanganya na Kisukuma, "Hii ni luseni (ardhi ya mchanga), mayu (mama). Ukimwaga maji asubuhi, mchana huyaoni." Alikuwa sahihi. Kila shimo nililichimba sentimita 40 kwenda chini, nikatia debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa na udongo mweusi wa mbugani kidogo. Kidogo tu, kwa sababu ukizidisha maji yanatuama na mizizi ya waridi haipendi kusimama kwenye tope. Samadi mbichi au mbolea ya kuku ya jana usithubutu, inaunguza.

Kosa langu kubwa lilikuwa nafasi. Nilikuwa nimepania bustani ya ule mtindo wa nyumba za vijijini Uingereza, ambako mawaridi, mboga na majani ya kunukia huishi pamoja kwa kubanana, hakuna mistari wala udongo mtupu unaoonekana. Nikapanda mche na mche sentimita 30, katikati nikajaza mchicha, mnanaa na kitunguu majani. Machi ilikuwa picha nzuri sana. Aprili mvua zikaanza kunyesha usiku na kuendelea mpaka asubuhi, na kabla mwezi haujaisha majani ya chini yalikuwa na madoa meusi yenye kingo zilizochakaa, yanageuka njano na kuanguka. Miche mitatu ilibaki vijiti.

Hapo ndipo lile neno "haihitaji dawa" lilipokufa. Siwezi kusema muuzaji alinidanganya. Huenda kwake, kwenye upepo wa mlimani, mambo ni mengine. Lakini madoa meusi ni ugonjwa wa ukungu, na mbegu zake zinahitaji jani libaki limelowa kwa saa saba hivi mfululizo ndipo ziote. Kando ya ziwa wakati wa masika, mvua ya usiku ikifuatwa na asubuhi yenye mawingu, hizo saa saba zinapatikana bila shida. Matone yanayoruka kutoka ardhini ndiyo yanayopandisha ugonjwa kwenye majani mapya.

Niliyofanya ni haya, na ninayafanya mpaka leo. Miche niliing'oa kwa uangalifu na kuipanda upya kwa nafasi ya sentimita 50, nikauhamishia mchicha upande wa pili wa njia. Mnanaa nikautia kwenye vyungu, kwa sababu huo ukiachiwa unameza kila kitu. Kati ya mawaridi nikabakiza vitu vyembamba visivyozuia hewa: kitunguu majani na rehani. Majani yote yaliyoanguka nayaokota na kuyachoma, hayaendi kwenye mboji. Maji nayamwaga shinani asubuhi, sinyunyizi juu. Na chini nimetandaza pumba za mpunga, ambazo kwenye mashine za kukoboa unapata kiroba kwa bei ndogo au bure. Zinazuia tope lisiruke. Acha nafasi ya kiganja kati ya pumba na shina, na fukua mara kwa mara kuangalia, maana mchwa wa huku nao wanazipenda. Masika hii nimepiga dawa ya ukungu mara mbili tu, yenye mankozebu, kutoka duka la pembejeo. Madoa yapo, ila majani yamebaki kwenye mti. Vidukari walikuja wakati wa kiangazi; maji ya sabuni kwa siku tatu yaliwamaliza.

Kuhusu urefu, ahadi ilikuwa nusu kweli. Karatasi iliyokuja na miche ilisema pogoa wakati wa baridi mmea ukiwa umelala. Hapa Mwanza waridi halilali. Kwa kuwa halipumziki linaendelea kupanda tu, na kufika Agosti yangu yalikuwa sentimita 80. Sasa sisubiri msimu. Kila kundi la maua likimalizika, nakata kila shina juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano linaloelekea nje, na baada ya wiki sita hivi maua yanarudi. Mwanzoni mwa Juni, mvua zikiisha, ndipo nitapunguza kwa nguvu na kutoa matawi yote yaliyougua. Kwa utaratibu huo yanakaa kwenye 60. Kwa hiyo ahadi ya kuchanua mwaka mzima imetimia, ila jua la Januari lilipauza rangi: ua linafunguka pinki iliyokolea, siku ya pili mchana limekaribia weupe, tena dogo. Maua bora kabisa niliyapata Juni hadi Agosti. Kiswahili chetu kimeipa rangi hiyo jina la ua lenyewe, rangi ya waridi, na ukiliona asubuhi ya Julai, petali zimefungana kama kitambaa kilichokunjwa, huulizi kwa nini.

Sasa harufu. Wiki tatu za kwanza za maua nilikata tamaa. Nilikuwa nikirudi kazini saa kumi na moja jioni, nainama, nanusa, napata kitu chepesi kama chai. Nikaandaa kabisa ujumbe wa malalamiko. Mama ndiye aliyenizuia. Alisema nyumbani kwao waridi lilichumwa kabla jua halijapanda, na aliyechelewa alikuta ua tu. Kesho yake nilimshika mkono tukatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Upepo ulikuwa haujaanza kutoka ziwani, mawe bado ya baridi, na tulipofika hatua nne kutoka kwenye tuta akasimama mwenyewe. "Hapo," akasema. Mafuta yanayotoa harufu yamo kwenye petali na ni mepesi. Jua likipiga na upepo ukianza, yanapeperuka. Ua lililofunguka nusu lina harufu kuliko lililofunguka lote. Tangu siku hiyo anachuma mawili kila asubuhi kwa kupapasa, moja la kikuba na moja la kikombe cha maji kando ya kitanda, na chumba kinanukia mpaka adhuhuri. Harufu yenyewe ni ya marashi hasa, yenye ukali kidogo wa ndimu mwishoni.

Kwa hiyo, je, nayapendekeza? Ndiyo, kwa anayeishi huku kandokando ya ziwa na yuko tayari kuokota majani wakati wa masika. Kama una nafasi ya jua kwa saa sita na hewa inapita, nunua. Kama uwanja wa nyumba yako umefungwa na kuta pande zote na hapakauki, pesa yako itaisha kwenye dawa. Usinunue Februari kama mimi nilivyofanya. Mche mchanga usipewe masika kama mtihani wa kwanza. Na umwambie muuzaji akutumie picha ya kovu la kubebesha kabla hujalipa.

Mimi nimeagiza sita zaidi, zifike wiki ya kwanza ya Juni. Safari hii nimelipia zije kwenye mifuko yake ya udongo, na zitapandwa chini ya dirisha la Mama.