TAHADHARI: Patasi na visu vya randa "mtumba wa Ujerumani" vinavyopitishwa karakana za Mafinga hadi Mbeya

Mafundi seremala wenzangu, na hasa ninyi vijana mnaoanza kukusanya vifaa, kaeni macho. Kuna jamaa wanapita karakana kwa karakana, Mafinga, Makambako mpaka Mwanjelwa, na mabegi ya patasi na visu vya randa. Wanasema ni mtumba wa Ujerumani. Vimeng'arishwa, vina muhuri wa kampuni inayojulikana, na makali yake yananyoa nywele za mkono. Seti ya patasi nne wanaanzia Sh 60,000, ukisitasita wanashuka hadi 35,000. Vijana wa karakana jirani walinunua, na makali yakajikunja kabla hawajamaliza tundu la kitasa kwenye mlango wa mkaratusi.

Ujanja upo kwenye kuonyesha. Jamaa anaokota kipande cha paini hapohapo chini, mara nyingi kibichi, anakwangua kufuata nyuzi za mbao, maranda membamba yanatoka, kila mtu anashangaa. Sisi tunaofanya kazi na mbao za shamba la miti la Sao Hill tunajua paini ilivyo laini. Chuma kibovu kikinolewa sana kitaikata vizuri kwa dakika chache. Na kunyoa nywele kunaonyesha tu kwamba kimenolewa, hakuonyeshi kwamba ni kigumu. Mwambie aipige patasi kwa nyundo, akikata nyuzi kwa kukingama, kwenye fundo la paini au mkaratusi mkavu, kisha uyaangalie makali kwenye mwanga. Hawa wanakataa, wanasema unawaharibia mali.

Ukiwa na tupa nzuri, ipitishe taratibu karibu na makali. Usijaribu karibu na mpini, maana hata patasi halali huwa laini zaidi huko. Tupa ikiteleza bila kushika, chuma kimepikwa kikawa kigumu. Iking'ata na kutoa unga kwa urahisi, weka pesa yako mfukoni. Afadhali patasi ya springi ya gari iliyofuliwa na mhunzi anayejua kazi; haing'ai, lakini inakaa na makali.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: wanajitolea kukunolea vifaa vyako vya zamani kwa grenda, bure, ukinunua vyao. Msikubali kabisa. Grenda inapasha moto ncha kwa sekunde chache. Ukiona rangi imekuwa ya majani makavu, hapo ni kama nyuzi joto 220. Ikifika bluu, kama 300, ugumu umeondoka, na hakuna jiwe litakalourudisha. Patasi uliyorithi kwa babu yako inaharibiwa mbele ya macho yako huku inameremeta. Ikishaungua, kata sehemu yote ya bluu polepole, ukichovya kwenye maji kila mara, mpaka ufikie chuma kizima, ndipo uinoe upya.

Kunoa mwenyewe hakuhitaji fundi wa kupita. Jiwe la pande mbili, la kukwaruza na laini, linatosha. Sawazisha kwanza mgongo wa patasi, kwa sababu makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na watu wengi wananoa upande mmoja tu. Shika pembe ya nyuzi 25 hadi 30, endelea mpaka uhisi kichuma chembamba kimejikunja upande wa mgongo, kisha kiondoe kwa upande laini wa jiwe. Utomvu wa paini ufute kwa mafuta ya taa. Msimu huu wa mvua paka mafuta kidogo kila jioni, kutu ya Mufindi haisubiri.

Mara ya mwisho walionekana wakielekea Njombe. Mlioko huko wajulisheni wenzenu, na aliyekwisha nunua aandike hapa kifaa kilikuwa na muhuri gani na alinunulia wapi. Namba za simu na picha za watu msiweke hapa, pelekeni polisi pamoja na kifaa chenyewe.