Risasi za .375 kwa mwindaji wa Tabora: zipi ununue, zipi uziache dukani

Ukitoka Tabora mjini ukashika njia ya Sikonge, ukaingia miombo yenyewe, nyati humwoni kwa mbali. Unamkuta hatua arobaini au hamsini mbele yako, nusu ya mwili iko nyuma ya mti, na bado hujajua kama ni dume. Ukikosea hapo, utamtafuta kwenye majani marefu akiwa na jeraha, na yeye anakusubiri. Kwa hiyo naliona suala la risasi kuwa zito kuliko suala la bunduki. Bunduki nyingi za .375 (yaani kipenyo cha risasi kwa inchi) zinafanana kazi. Risasi hazifanani hata kidogo.

Naandika kwa wenzangu wenye leseni ya silaha na kibali cha kuwinda, wanaokwenda kwenye maeneo yanayoruhusiwa. Wakumbuke pia kwamba Mto Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji. Nazungumzia .375 Holland & Holland kwa sababu ndiyo wengi tunayo: ilitoka Uingereza mwaka 1912, kwa nyati ndiyo ndogo kabisa ya kumwendea mnyama huyo, na bado unaweza kumpiga nayo kongoni bila kuharibu nyama yote.

Ya kwanza: risasi laini iliyofungwa vizuri, gramu 19.4

Kwenye boksi utaona imeandikwa greni 300. Kama fedha yako inatosha boksi moja tu, nunua hii. Ni kichwa cha risasi chenye ncha ya kufunguka, lakini nyuma kimejengwa kisipasuke. Mfano ni Nosler Partition: ina ukuta wa shaba katikati unaotenga madini ya risasi ya mbele na ya nyuma. Sehemu ya mbele inafunguka, ya nyuma inaendelea kuzama. John Nosler aliibuni baada ya risasi za kawaida kumshinda kwenye windo la mnyama mkubwa huko Kanada mwaka 1946. Swift A-Frame ina ukuta wa namna hiyo hiyo, na zaidi ya hapo madini ya mbele yameunganishwa kabisa na ganda la shaba, hayaachani. Mimi naiweka A-Frame mbele kidogo kwa nyati, kwa sababu mfupa wa bega la dume ni mgumu na kichwa cha risasi kikivunjika pale juu juu, umepoteza mnyama.

Wengine watakushauri greni 270 kwa kuwa inakwenda kasi zaidi. Kwa pofu au palahala kwenye mbuga wazi, sawa. Kwa nyati, ndani ya miombo, kasi haikusaidii kitu. Greni 300 inatoka mtutuni kwa kama mita 770 kwa sekunde, na kwa hatua hamsini hiyo inatosha na kubaki. Unachohitaji ni uzito unaoendelea mbele.

Ya pili: shaba tupu

Barnes TSX haina madini ya risasi ndani, ni shaba mwanzo mwisho, na ikigonga inafunguka kama ua la petali nne. Inazama sana, na haimwagi vipande vya risasi kwenye nyama ya kula. Hilo kwa familia ni jambo kubwa. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja: baadhi ya bunduki haziipendi. Ijaribu kwenye shabaha kabla ya kuiamini, na safisha mtutu vizuri, maana shaba huganda kwenye mifereji ya ndani yake.

Ya tatu: risasi ngumu

Hii haifunguki. Hornady DGS ni mfano wake. Usiifanye risasi ya kwanza kwenye kundi, kwani hupita upande wa pili na kumjeruhi jike au ndama aliyesimama nyuma, nawe hutajua mpaka uone damu mbili. Kazi yake ni risasi ya pili na ya tatu, nyati akiwa amekupa mgongo anakimbia. Tumbo lake limejaa majani mabichi. Risasi laini inazimikia humo humo, ngumu inafika mapafuni. Wengi hupakia laini juu, ngumu chini yake. Nami hufanya hivyo.

Ya nne: laini ya kawaida

Hapa kuna Sellier & Bellot ya Czech na PMP ya Afrika Kusini. Bei yake ni nafuu, na kwa mazoezi, kongoni au nguruwe pori hazina tatizo. Nyati dume usimpelekee. Sellier & Bellot, kwa taarifa tu, ilianza Prague mwaka 1825 kwa kutengeneza fataki, kabla haijatengeneza risasi kamili. Jambo hilo linanileta kwenye kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii kabisa.

Geuza risasi, tazama kitako

Fataki ni kile kidude cha mviringo katikati ya kitako cha ganda. Pini ya bunduki inakigonga, kinatoa cheche, baruti inashika. Fataki ikifa, risasi nzuri kuliko zote duniani ni chuma tu.

Nilijifunza hili Sikonge. Nilikuwa nimenunua risasi za mchanganyiko, boksi lilishafunguliwa, muuzaji akaniambia ni nzima. Kongoni alisimama wazi, nikavuta, nikasikia *tik*. Babu mmoja mfuata nyayo, aliyekuwa nyuma yangu, akanishika bega akaninong'oneza, "Mwanangu, usifungue. Acha hapo hapo." Tukahesabu pole pole huku mtutu ukielekea chini, upande usio na mtu. Alikuwa sahihi: fataki iliyodhoofika inaweza kuchelewa, na ukifungua bunduki mapema ganda linalipukia usoni. Subiri angalau sekunde thelathini, ndipo utoe.

Kwa hiyo, dukani, kabla hujalipa, mwombe muuzaji afungue boksi. Fataki iwe imezama kidogo tu chini ya usawa wa kitako. Ikichomoza, iache. Ikiwa na kijani cha kutu ya shaba kuizunguka, iache. Ikiwa na alama ya kugongwa, toka dukani. Angalia pia kama kuna pete ya rangi kuizunguka: hiyo ni vanishi ya kuzuia unyevu, na kwetu wakati wa masika inasaidia. Usipake mafuta ya bunduki kwenye risasi. Mafuta mepesi yanayopenya yanaweza kuingia hadi kwenye fataki na kuiua, wala kwa nje hutaona chochote.

Kuna pia maboksi ya zamani sana, hasa ya .303, ambayo mtu amerithi kwa mzee wake na ganda linang'aa kana kwamba ni jipya. Fataki za enzi hizo nyingi zilitumia klorati ya potasiamu. Ukipiga, inabaki chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu, na baada ya siku chache una kutu. Mafuta hayaiondoi chumvi hiyo. Maji ya moto ndiyo huiyeyusha, kisha ukaushe, ndipo upake mafuta. Lakini kwa mnyama mkali mimi nasema usizitumie kabisa.

Na zile zinazojazwa na mtu nyumbani, ganda la zamani, fataki asiyoijua imetoka wapi, baruti ya kukisia: usinunue hata ukipewa bure. Hazina kibali, na hakuna anayejua shinikizo lake.

Idadi na kuzihifadhi

Wengi wetu tunafuata risasi Dar es Salaam au Arusha, safari ndefu, na kibali kinataja idadi. Usiigawanye idadi hiyo kwa aina nne. Chukua maboksi mawili ya greni 300 laini, yote yenye namba ile ile ya toleo, na nusu boksi ya ngumu kama muuzaji anakubali. Toleo tofauti linaweza kugonga mahali tofauti kwenye shabaha hata kama jina ni lile lile.

Usiziache kwenye dashibodi ya gari mwezi wa Oktoba. Baruti ikipata joto kali shinikizo linapanda, ganda linang'ang'ania, na kitasa cha bunduki hakifunguki wakati unakihitaji. Mimi huziweka kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, ndani ya kabati la bunduki, mbali na bati.

Kwa boksi la kwanza la ishirini, tumia sita hadi nane kuweka shabaha ya laini kwenye mita hamsini, kisha piga ngumu tatu kwenye karatasi ile ile. Zikiangukia pamoja, ndani ya upana wa kiganja, uko tayari. Zikitawanyika, badilisha aina ya ngumu kabla ya kwenda porini, na zilizobaki uzitunze kwa kazi yenyewe.