Root: kadi iliyonimaliza nilimpa mwenyewe

Nimekaa na hasira hii siku kadhaa, nikidhani itapoa. Haijapoa, basi acha niitoe.

Mtu aliyetufundisha Root hafai kumfundisha mtu hata karata. Naanza na huyo kwa sababu mchezo wenyewe nina mema na mabaya ya kuusemea, ila yeye sina jema hata moja.

Kwa asiyeujua, ni mchezo wa ubao alioubuni Cole Wehrle, ukatoka 2018. Michoro ya Kyle Ferrin inapendeza mno, vinyama vyenye macho makubwa kama vya kitabu cha watoto, na hapo ndipo wengi tunapoingia mkenge. Unadhani unaenda kucheza kitu cha kitoto, kumbe mle ndani watu wanagombea msitu kwa damu, na kila mchezaji ana kundi lenye sheria zake. Sisemi rangi tofauti, nasema sheria. Paka wameshautawala msitu tangu mwanzo, kazi yao kukata mbao na kujenga. Ndege wanataka kurudisha ufalme wao. Muungano wa wanyonge unachochea maasi chini kwa chini. Halafu kuna Mzururaji, peke yake na mkoba wake, hana jeshi wala hatawali popote. (Mpaka leo sijaelewa jamaa aliyekuwa Mzururaji alikuwa anafanya nini usiku ule. Alikuwa anatabasamu tu.) Wa kwanza kufika pointi 30 ndiye mshindi, na njia ya kufika huko kila mmoja ana yake.

Mwenye mchezo, ndiye huyo mwalimu wetu, akachukua paka. Mimi nikapewa ndege. Dada mmoja, mgeni kama mimi, akapewa Muungano. Nikauliza, "Kaka, na hao wengine wanachezaje?" Akanijibu bila hata kuinua macho: "Wewe shughulika na ubao wako. Ya wengine utayaona." Nikarudia kuuliza, angalau kuhusu huo Muungano. "Hao wana askari 10 tu, usiwahofu."

Ni kweli wana 10. Paka wana 25, ndege tuna 20. Nikaridhika, mjinga mimi.

Ndege nikawapenda haraka. Wanaongozwa na kitu kinaitwa Amri, ina safu nne: kuandikisha askari, kusogea, kupigana, kujenga kiota. Kila zamu lazima uongeze kadi moja au mbili, na kadi ikishaingia haitoki. Zamu ijayo unatekeleza zote, na inayofuata tena zote, kila kadi kwenye kiwanja cha aina yake, cha mbweha, sungura au panya. Ni kama mwanasiasa aliyekiahidi kila kijiji kisima. Mwanzoni mambo yanakwenda vizuri kabisa. Ikikushinda kadi moja tu, serikali inaanguka: unakatwa pointi moja kwa kila kadi ya ndege (zile zinazofaa kiwanja chochote) iliyomo kwenye Amri, ahadi zinafutwa, kiongozi anang'olewa, na unaanza na mwingine. Nilijiona fundi. Viota vikaongezeka, pointi zikaja kila mwisho wa zamu.

Katikati hapo nikapeleka askari wangu kwenye kiwanja cha panya. Kulikuwa na kete ndogo ya yule dada, nikaona si kitu. Akaninyooshea mkono kwa upole: "Naomba kadi ya panya." Nikamtazama mwenye mchezo. "Mpe," akasema. Nikampa. Akaiweka kifudifudi kwenye rundo lake. Inakwenda kufanya nini? Sikuuliza, maana nilishaambiwa nishughulike na ubao wangu.

Nikafika pointi 26 nikiwa na viota vitano. Viota vitano vinatoa pointi 4. Hesabu hiyo hata aliyelala anaiweza. Nilichohitaji ni kuvuka zamu moja tu.

Ikaja zamu ya dada. Akafunua kadi mbili za panya, moja ile ile niliyompa kwa mkono wangu, akasema, "Nafanya maasi hapa." Askari wangu wote kwenye kile kiwanja wakaondolewa, na kiota kikaondolewa. Hakuna vita, hakuna kurusha dadu. Na dadu za mchezo huu wala haziui kivile, namba zinaishia 3, unaweza kupoteza askari wawili watatu ukaendelea na maisha. Hiki kilikuwa kifagio. Pale pale akaweka kambi yake.

Zamu yangu. Safu ya kusogea ina kadi ya panya, maana yake lazima nisogeze askari kutoka kiwanja cha panya. Askari niliokuwa nao kwenye viwanja vyote vya panya ndio hao walioondolewa. Kuandikisha wapya hapo siwezi, wanaandikishwa penye kiota, na kiota ndicho hicho kimekwenda. Amri ikavunjika. Kadi nne za ndege zilikuwemo, nikashuka hadi 22, viota vinne vilivyobaki vikanipa 3. Kutoka mlango wa ushindi nikarudi 25, na kiongozi mpya wa kuanza naye upya.

Hapo ndipo kaka yetu alipocheka. Kicheko kile cha kuegemea kiti. "Maasi yameandikwa pale kwenye ubao wake, si ungesoma?" Nikamwambia, "Nisome saa ngapi, wakati umeniambia nishughulike na wangu?" Akasema, "Mchezo huu si wa kila mtu."

Sentensi hiyo ndiyo nimelala nayo siku zote hizi.

Wacha niseme kilichofuata, maana kilinipoza kidogo. Yule dada aliendelea kimya kimya, akamfanyia na kaka maasi, viwanda vya mbao vya paka vikafagiwa, dada akamaliza wa kwanza. Kaka akanyakua kile kijitabu cha sheria chenye vifungu vya namba kama muswada wa bunge, akaanza kupekua kutafuta kosa la dada. Alipekua muda mrefu. Hakupata kitu. Aliyetuambia tusome sasa alikuwa anasoma kwa nguvu zake zote.

Nilipanga kutoa nyota moja. Na mchezo nao una kesi ya kujibu: kufundisha Root ni kufundisha michezo minne kwa mpigo, na usipojua jirani yako anaishije huwezi kujua utakufa vipi. Watu wanne wageni bila mwalimu mzuri ni mateso, msijaribu. Ndani ya sanduku kuna kijitabu kingine, cha kujifunzia kabisa. Kile hakutufungulia.

Lakini nikiwa mkweli, hakuna mchezo mwingine ulionifanya niamke usiku kuwaza kadi moja ya panya. Serikali ya ndege wa karatasi imeanguka nami nimeumia kama nilikuwa waziri humo. Nikiwaza vizuri, maasi yale hayakuwa bahati. Kete ile ndogo, ndiyo iliyofungua mlango wa maasi, ilikaa pale mbele ya macho yangu zamu tatu nzima, na nikapitisha jeshi juu yake. Nyota tatu. Nne. Tatu kama mwalimu wenu ni kama wetu.

Dada wa Muungano amenitafuta jana. Amejipatia Root yake, ananiita. Nimemuuliza kwanza nani atakuwepo. Nimeridhika na jibu, nakwenda, na nachukua ndege tena. Safu ya kusogea haitaonja kadi ya panya.